Massey Ferguson 135 au Ford 5000: lipi la kufufua nyumbani Tanga?

Mwenye nia ya kufufua trekta la zamani mkoani Tanga akizunguka Muheza, Korogwe na Pangani, kandokando ya mashamba ya mkonge na nyuma ya nyumba za wakulima, atakuta mabaki ya aina nyingi, lakini yanayostahili kutolewa fedha ni hasa mawili: Massey Ferguson 135, lile dogo jekundu, na Ford 5000, lile kubwa la bluu. Yote mawili yalianza kutengenezwa mwaka 1964 na kukoma mwaka 1975. La kwanza kwa sehemu kubwa katika kiwanda cha Coventry, la pili Basildon, zote nchini Uingereza. Umri wao ni mmoja, ila kazi ya kuyafufua si moja. Kama swali lingekuwa trekta lipi lina nguvu zaidi shambani, makala haya yangeishia hapa, kwa sababu Ford inaishinda Massey bila ubishi. Swali letu ni jingine: mtu mwenye banda la mabati uani kwake Mikanjuni au Sahare, spana za kutosha, winchi ya mnyororo na kijana mmoja wa kumshikia taa, aanze na lipi ili siku moja aliwashe na kulitoa nje? Kwa maoni yangu trekta lisipimwe kwa namna linavyonguruma siku ya kununua, bali kwa kazi ngumu kuliko zote litakayomdai mwenyewe baadaye, na kama kazi hiyo inawezekana pale uani.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaoamua mengi kabla hata spana haijashikwa. Massey 135 ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na Ford 5000 inakaribia tani mbili na nusu. Yote mawili hayana fremu kama ya lori. Injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma vimefungwa pamoja kwa bolti na ndivyo vinavyobeba trekta zima. Maana yake ni kwamba ukitaka kufika kwenye klachi huna budi kulikata trekta katikati: unategemeza sehemu ya nyuma, unaweka kabari za mbao kwenye ekseli ya mbele ili injini isipinduke upande, kisha unasogeza nusu moja mbele. Kwa Massey kazi hii hufanywa na watu wawili wenye subira, jeki ya magurudumu na sakafu ya zege iliyo sawa. Kwa Ford kazi ni ileile, lakini kila kitu ni kizito zaidi na kosa dogo huwa kubwa. Boriti la banda la mabati ambalo lingebeba injini ya Massey nisingelitegemea kubeba ile ya Ford. Sakafu ya udongo, ambayo ndiyo ya nyua nyingi hapa kwetu, haifai kwa trekta lolote kati ya haya, na gharama ya kumwaga zege ihesabiwe pamoja na bei ya trekta.

Injini ndipo penye tofauti ya msingi, nami nitakaa hapo kwa muda. Massey 135 nyingi za dizeli zina injini ya Perkins AD3.152 yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, inayotoa nguvu za farasi zipatazo 45. Ford 5000 ina silinda nne. Za mwanzo zilikuwa na ujazo wa lita 3.8 na nguvu za farasi zipatazo 65, na kuanzia mwaka 1968 ujazo uliongezwa hadi lita 4.2 na nguvu zikafika 75. Namba hizi hupendeza kwenye mazungumzo, lakini kwa mfufuaji jambo kubwa ni namna silinda zenyewe zilivyotengenezwa. Perkins ina slivu kavu, yaani bomba jembamba la chuma lililoingizwa ndani ya bloku (chuma kikuu cha injini) bila kuguswa na maji. Slivu ikilika inatolewa kwa kifaa cha kung'olea ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bolti ndefu na bamba mbili, inaingizwa mpya pamoja na pistoni ya kipimo cha kawaida, na bloku inabaki ileile. Zipo slivu zinazokuja zikiwa zimekwisha kumalizwa kiwandani na zipo zinazohitaji kupanuliwa kwa mashine baada ya kuingizwa. Mnunuzi aulize anapewa ipi kabla ya kulipa, maana bei hukaribiana ilhali kazi ni tofauti kabisa.

Ford 5000 haina slivu. Pistoni zake zinapanda na kushuka ndani ya chuma cha bloku yenyewe. Silinda zikilika, bloku nzima inavuliwa, inapakiwa kwenye gari na kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupanua silinda, kisha zinanunuliwa pistoni kubwa zaidi kulingana na upanuzi uliofanyika. Hatua hizo zina mwisho: kadiri ya milimita 1 hivi na basi, halafu itabidi bloku ipanuliwe zaidi na kuvishwa slivu. Hilo linawezekana, na mafundi wazuri wanalifanya, lakini ni kazi ya karakana kubwa, haifanyiki uani. Juu ya hayo, injini hizi zinajulikana kwa ugonjwa wa bloku kutoboka kwa ndani. Ukuta wa silinda hutikisika kila mafuta yanapowaka, mtikisiko huo huzalisha viputo upande wa maji, na viputo vinapopasuka hung'oa chembe za chuma, mpaka siku moja tundu dogo kama la sindano linatokea na maji yanaingia kwenye silinda. Dawa ya kuzuia kutu inayochanganywa na maji ya rejeta hupunguza sana madhara hayo. Sasa jiulize trekta la shamba lililofanya kazi pwani yetu kwa miongo kadhaa lilijazwa nini kwenye rejeta: aghalabu maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ndiyo maana Ford iliyofanya kazi Pangani huitazama kwa wasiwasi zaidi kuliko iliyotoka bara.

Uchunguzi wenyewe si mgumu, ila muuzaji asiwe na haraka. Omba trekta lilale usiku mzima bila kuwashwa, rejeta ikiwa imejaa. Asubuhi weka chombo chini ya injini, kisha legeza kizibo cha kumwagia oili taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, bila kukitoa. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, kama yamo yatatangulia kutoka: matone meupe au ya rangi ya kutu, kisha ndipo oili ifuate. Vuta pia kijiti cha kupimia oili na ufungue kifuniko cha kujazia. Ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, ujue injini imekwisha kuwashwa maji yakiwa ndani. Kwa Massey dalili hiyo mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe iliyopinda kwa kuchemsha, kazi inayomalizika. Kwa Ford inaweza kuwa hivyo hivyo, na inaweza kuwa bloku iliyotoboka, na hutajua ni ipi mpaka ufungue. Bei ya kununulia lazima ibebe hatari hiyo.

Kwa Ford ni vizuri pia kusoma tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Kampuni ilitumia tarakimu moja ya mwaka, herufi ya mwezi na tarakimu mbili za siku, kwa hiyo 9D15 ni tarehe 15 Aprili mwaka 1969. Tarakimu 4 na 5 huleta utata, kwani 4 inaweza kuwa 1964 au 1974, na 5 inaweza kuwa 1965 au 1975, na 8 ni mwaka wenyewe wa mabadiliko, lakini kwa nyingine utajua mara moja kama unatazama injini ya lita 3.8 au ya 4.2, na hilo litakuzuia kununua pistoni zisizoingia. Ukikuta injini ya tarehe moja na giaboksi ya tarehe iliyo mbali nayo, trekta hilo limeunganishwa kutoka kwa mawili. Si kosa, ila lijulikane.

Perkins nayo ina udhia wake. Injini za awali zilifungwa sili ya kamba nyuma ya krenkishafti (shafti kuu ya injini), na kamba hiyo ikichoka oili hutiririka moja kwa moja kwenye klachi. Kuifunga kamba mpya ikae sawasawa kunahitaji mkono uliozoea. Hapa sioni aibu kumwita fundi mzee aliyewahi kuhudumia matrekta ya mashamba ya mkonge, ambao bado wapo Muheza na Korogwe, akaifanya kazi hiyo moja na kuondoka. Klachi yenyewe kwenye Massey nyingi ni ya hatua mbili: ukikanyaga nusu unakata giaboksi, ukikanyaga mpaka chini unakata pia shafti ya PTO, yaani ile inayoendesha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta. Kuirekebisha vidole vyake viwe sawa ni kazi ya vipimo, wala haitaki nguvu.

Katika pampu ya dizeli, Ford inastahili sifa. Massey hutumia pampu ya CAV ya kuzunguka, ndogo na nyepesi, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Trekta likikaa miaka bila kuwashwa, na dizeli ikiwa na maji, vali ya ndani hunata na kutu huanza mahali usipopaona. Ford 5000 ina pampu ya Simms iliyopangwa kwa mstari, yenye kipande kimoja kwa kila silinda na oili yake ya kulainisha chini, hivyo huvumilia uchafu na kukaa bure kuliko ile ya kuzunguka, mradi tu mtu amekumbuka kubadilisha hiyo oili. Hata hivyo Simms ikihitaji matengenezo vipande vyake ni vingi na bei yake hupanda kwa kadiri hiyo. Pampu zote mbili zisifunguliwe nyumbani. Zivuliwe zikiwa zimewekwa alama, zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pamoja na nozeli, na zirudi zikiwa zimefungwa vizibo. Kutoa hewa kwenye mfumo baada ya kufunga ni kazi ya nusu saa kwa yeyote mwenye spana na kitambaa.

Haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyulia zana kwa nguvu ya oili, ni mahali ambapo Massey humtisha mgeni pasipo sababu kubwa. Pampu yake haionekani. Imo ndani ya nyumba ya nyuma, imezama kwenye oili ileile inayolainisha giaboksi na ekseli, na huzungushwa na shafti ya PTO.  Adui mkubwa wa pampu hii ni mvua. Trekta likiachwa nje, maji hupenya kwenye mpira uliochanika chini ya wenzo wa gia, hutua chini ya nyumba ya nyuma na kula vali za pampu polepole. Masika mawili matatu ya Tanga yanatosha. Kwa hiyo uchunguzi wa kizibo niliouelezea juu ufanywe na huku nyuma pia. Baada ya hapo washa injini, ingiza PTO, inua jembe au gunia la mawe kwenye vikono vya kunyanyulia vya nyuma, kisha zima injini na utazame. Vikono vikishuka polepole kwa dakika kadhaa hali ni ya kawaida kwa umri huu. Vikianguka mara moja, au vikitikisika juu chini injini ikiwa inanguruma, kuna mvujo wa ndani, na mara nyingi chanzo ni ringi na sili za pistoni ya kunyanyulia ambazo bei yake si ya kukukosesha usingizi. Kinachochosha ni kuufungua mfuniko mzito wa juu pamoja na kiti, kazi ambayo winchi ya mnyororo huifanya vizuri. Vikono vya Ford hunyanyua uzito mkubwa zaidi, na kwa mwenye haro kubwa (zana ya kuvunjavunja udongo) hilo lina maana. Kwa mwenye tela na jembe la sahani mbili halina.

Kuhusu giaboksi nina onyo kwa kila upande, na nitasema kwa ufupi. Baadhi ya Massey 135 zina mfumo wa Multi-Power unaobadilisha mwendo bila kukanyaga klachi. Katika mwendo wa chini mfumo huo hauzuii trekta kwa injini, kwa hiyo likiteremka mlima na tela lenye mzigo hujiachia. Kwa tambarare za Pongwe si neno, kwa miteremko ya Amani na Lushoto ni hatari, na breki za ngoma zilizolowa oili ya ekseli hazitakusaidia. Ford nazo zilitoka nyingine na Select-O-Speed, giaboksi ya gia kumi isiyo na kanyagio la klachi. Ukiikuta, ipite. Hata inapofanya kazi leo, siku ikigoma huna wa kumpelekea mkoani hapa, na sehemu zake hazipatikani kirahisi. Giaboksi za kawaida za matrekta yote mawili ni imara, na kelele ya gia kidogo isikuvunje moyo.

Kwa upande wa vipuri, mizani inalemea Massey waziwazi. Injini ile ya silinda tatu iliendelea kutengenezwa na kutumika kwa miongo kadhaa baada ya 135 kukoma. Millat ya Lahore, Pakistan, iliiweka kwenye Massey 240, na IMT ya Yugoslavia ilitengeneza modeli ya 539 kwa leseni kutokana na Massey 35. Vipuri vingi vya ndugu hao huingia kwenye 135 bila kupigwa tupa. Ringi, beringi, gasketi na pampu ya maji mara nyingi vinapatikana mjini Tanga kwenyewe au kwa kuagiza Gerezani, Dar es Salaam, na basi la jioni likavileta Kange. Vya Ford 5000 vipo pia, hasa kwa kuwa Ford 6600 na 6610 zilizofuata zinachangia sehemu nyingi za injini, lakini ni vya kuagizwa zaidi kuliko vya kuokota dukani, na kila seti ni ya silinda nne badala ya tatu. Tairi za nyuma huongeza pengo hilo: Massey mara nyingi hutumia rimu za inchi 28, Ford hupanda hadi 36 au 38, na jozi mpya ya tairi kubwa inaweza kuzidi gharama ya kufungua injini yote. Kwa matrekta yote mawili tafuta spana za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kuingia ndiyo inayoharibu vichwa vya bolti ambazo zilidumu miaka 50 bila kuharibika.

Mabati na rangi havinishughulishi sana katika kuchagua. Boneti na madigadi za yote mawili huliwa na upepo wa chumvi, na maji ya mkonge yenye asidi yakilowa kwenye jukwaa la miguu hulitoboa. Fundi bodi yeyote mzuri wa Ngamiani atakata na kuchomelea. La kuzingatia ni majira tu: usipige rangi wakati wa masika wala jioni yenye unyevu wa bahari, la sivyo rangi itafifia na kuwa na ukungu hata kabla haijakauka. Umeme wa volti 12 ni mwepesi kwa yote mawili, na kubadilisha jenereta ya zamani kwa alteneta ni jambo la mchana mmoja. Kile kifaa cha kupasha hewa moto kwenye Perkins wakati wa kuwasha, kwa joto la Tanga, unaweza kukifunga kizibo usikikumbuke tena, ilimradi mgandamizo wa silinda ni mzuri.

Kwa hiyo kwa mfufuaji wa mara ya kwanza mwenye karakana ya nyumbani namshauri Massey 135, tena ile yenye giaboksi ya kawaida, hata kama imekaa miaka na injini imeshikamana, kwa sababu karibu kila kilichoharibika ndani yake kinaweza kuvuliwa, kubebwa na watu wawili na kubadilishwa. Ford 5000 ningemshauri mtu wa aina moja tu: mwenye ekari nyingi za kulima baada ya ukarabati, mwenye uhusiano mzuri na karakana yenye mashine ya kupanua silinda, na aliyepata trekta ambalo bloku yake imekwisha kupimwa kwa shinikizo la maji kabla ya malipo ya mwisho. Mtu huyo atapata mashine ambayo Massey haitaigusa kwa kulima udongo mzito. Wako watakaoletewa Massey 35 ya zamani zaidi kwa bei ya kutupa. Waangalie kwanza idadi ya silinda, kwani zile za mwanzo zenye injini ya Standard ya silinda nne zilisifika kwa kukataa kuwaka tangu zikiwa mpya, na joto letu la pwani husaidia kidogo tu.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa fedha ni karatasi. Matrekta mengi ya zamani yalitoka mashambani kwa minada, yakauzwa tena na tena kwa mapatano ya mdomo, na kadi ikabaki kwa mtu wa tatu aliyehamia Handeni. Linganisha namba iliyo kwenye kadi na ile ya kwenye kibao cha trekta, na kama kibao hakipo, tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, ukwangue rangi mpaka isomeke. Kisha andikishianeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla trekta halijapakiwa kwenye lori.